Jozi Moja ya Kijani

Watu wakipita nyuma ya ua wangu hapa Kapsoit huuliza swali lile lile: "Mama, hizo ndege zinaliwa?" Zamani nilikuwa nawajibu kwa heshima. Siku hizi nasema zinaliwa, ila nyama yake inang'oa meno, na wao wanaenda zao. Sina nguvu ya kumwelezea kila mtu aliyebeba kikapu cha chai kwamba kuna viumbe duniani ambavyo havijaumbwa kwa ajili ya sufuria.

Ndege wenyewe ni kasuku wadogo wa Australia, wakubwa kidogo tu kuliko shomoro. Wauzaji wanawaita baji. Wangu ni kijani kifuani, manjano usoni, mistari myeusi mgongoni, na vidoa vyeusi chini ya mdomo. Dume ana pua ya buluu na jike ana pua ya kahawia. Hiyo ndiyo rangi waliyonayo kule kwao porini. Ukienda kwa wauzaji utawaona weupe, wa buluu, wa manjano tupu, hata wa kijivu, na hao ndio watu wanataka. Rangi hizo zimetengenezwa na binadamu kwa kuchagua nani alale na nani, miaka na miaka.

Marehemu mume wangu hakutaka kusikia habari yao. "Ndege ni kijani," alikuwa akisema. "Hao wengine wamevaa nguo tu."

Yeye ndiye aliyeanzisha mambo haya. Tulikuwa na duka la misumari, mabati na rangi pale barabarani, sisi watoto wa watu waliotoka Murang'a kutafuta maisha huku kwa Wakipsigis. Mhindi mmoja wa Kericho ambaye tulikuwa tukinunua kwake kwa jumla alifunga duka akawafuata watoto wake ng'ambo, na ndege wake akamwachia mzee wangu. Alifika nyumbani jioni na kizimba mapajani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga kutoka hospitali. Nilimuuliza kama amerukwa na akili. Akasema, "Leta maji kwanza, utanitukana baadaye."

Akajenga banda nyuma ya jikoni, upande usiopigwa na upepo, mabati juu na waya mdogo pande zote. Vijiti vya kutulia alikata kwenye mikaratusi, ile miti mirefu ambayo viwanda vya chai hupanda kwa ajili ya kuni. Siku ya kwanza tu ndege walivishukia vijiti hivyo wakaanza kubambua maganda kana kwamba wamekumbuka kitu. Baadaye akasoma mahali kwamba mkaratusi nao ulitoka Australia. Haiya! Alifurahi wiki nzima. Kila mteja aliyekuja kununua misumari aliambiwa habari ya mkaratusi, atake asitake.

Shida ya rangi ni kwamba inajificha. Unaweza kuwa na dume wa kijani na jike wa kijani, wote wasafi machoni, na wote wawili wamebeba buluu ndani ya damu. Huijui mpaka siku ile kinda linapoota manyoya kwenye kisanduku, unachungulia, unakuta buluu inakutazama. Mzee alikuwa na sheria moja hapo. Kinda linatoka, na wazazi wake wote wawili wanatoka. Alikuwa akimpigia simu mfugaji mmoja wa Silibwet, kule karibu na Bomet, jamaa mcheshi anayefuga rangi zote za dunia, naye alikuja na boksi lake lenye matundu akaondoka akipiga mluzi. Mimi nilikuwa nasema ni ukatili kumfukuza mama kwa sababu ya mtoto. Mzee alicheka tu.

Halafu akafa. Sitaeleza sana. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa ukungu ule usiotoka mpaka mchana, kifua kikambana, na mambo yakaenda mbio kuliko tulivyofikiria.

Mimi niliyekuwa nawaita wale ndege mzigo nikabaki nao, na kitu kikanishika. Nikawa mkali kuliko yeye. Nilitoa wa buluu, nikatoa wazazi wa buluu, nikafika mahali pa kutoa dada za wazazi wa buluu kwa kuwashuku tu. Nilitaka ukija kwenye banda la mzee usikute doa la rangi ambayo hakuitaka. Jamaa wa Silibwet alikuja mara nyingi mwaka ule. Safari moja alisimama mlangoni na boksi limejaa, akaniangalia, akasema, "Mama, utabaki na waya." Nilimwambia afunge mdomo na afunge boksi.

Nilibaki na jozi chache. Safi kabisa. Hapo ndipo mvua ya mawe ilipokuja.

Hapa kwetu mvua ya mawe si habari. Wenye chai ndio hulia, kwa sababu majani yanachanika na machipukizi yanakuwa takataka. Siku hiyo nilikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Tulikaa ndani tukisubiri, tukipiga kelele ili tusikilizane chini ya mabati, na sikufikiria hata kidogo kwamba wale viumbe wangu nao wako chini ya mabati. Baji akishtuka huruka bila kuangalia. Anajigonga kwenye waya, anaanguka, anaruka tena. Niliporudi sakafu ilikuwa na barafu nyeupe iliyopenya pembeni, na juu ya barafu ile kulikuwa na kijani. Wawili tu ndio walikuwa hai, wamejibana kwenye kona. Nilikaa chini pale pale kwenye maji nikalia kwa sauti, na majirani wakisikia wasikie.

Dume aliyepona alikuwa ndege wa kawaida, sina ubaya naye. Jike ndiye aliyenishika moyo. Huyo mama yake alimwacha kwenye yai lililokuwa linapasuka, na mzee wangu ndiye aliyelimalizia kwa ukucha, akamtoa, akamlisha uji mwembamba kwa kichupa cha dawa ya macho, akimweka ndani ya kofia yake ya sufi karibu na jiko. Ndiye ndege wa mwisho aliyepita mikononi mwake. Alikuwa akimng'ata kidole gumba na mzee anasema, "Angalia shukrani ya dunia." Sasa alikuwa anazeeka. Jike wa baji hana miaka mingi ya kutaga, na kila msimu ukipita nilijua kabisa nini kinapita. Asipotaga, basi. Banda la mzee limekwisha, na kitu cha mwisho alichokishika kimekwisha nacho.

Na hakutaga.

Nilifanya kila kitu. Nilimpa maganda ya mayai yaliyosagwa, wimbi lililoota, mboga ya managu, yai la kuchemsha. Nilihamisha kisanduku juu, nikakishusha, nikakigeuza kiangalie mashariki. Walikaa tu kwenye kijiti, kila mmoja upande wake. Dume hakuimba. Na mimi nikawa naamka asubuhi, nafungua dirisha la jikoni, nasikia kimya kile. Zamani ungelazimika kupaza sauti kuomba chumvi. Nilianza kuacha redio ikiwa imewashwa kutwa nzima, hata sisikii inasema nini. Nikipika chai napika ya vikombe viwili kwa mazoea, halafu cha pili namwaga kwenye mizizi ya maua. Upweke nilikuwa nausikia watu wakiutaja kwenye mazishi, nikadhani ni neno la heshima tu. Wacha nikuambie, unauma mwilini kabisa, hapa chini ya mbavu.

Mwishowe nilimeza kiburi nikampigia jamaa wa Silibwet.

"Wako wangapi?" akauliza.

"Wawili."

"Wawili tu? Hakuna wengine wanaosikia?"

"Ningekuwa na wengine ningekupigia?"

Akacheka. "Mama, hao ni watu wa kundi. Kule kwao wanazaa wakiwa maelfu. Wakisikia wenzao wanapiga kelele wanajua kuna mvua, kuna mbegu, mambo ni sawa. Wakisikia kimya wanajua mambo ni mabaya, hawatagi. Jozi moja itakaa hapo mpaka izeeke. Ngoja nikuletee wale wa buluu, wa kupiga kelele tu. Hata wengine ni watoto wako, uliwatoa mwenyewe."

Nikamwambia siwezi kuwarudisha kwa mlango ule ule niliowatolea, mzee atanitokea ndotoni. Akasema mzee amelala, asingejali. Hapo alinipanda kichwani. Nilimwambia yeye si mke wa mzee, nikakata simu. Baadaye nilijuta kidogo, lakini sikumpigia tena.

Binti yangu ni mmoja. Ni muuguzi, na yuko Australia. Ndiyo, huko huko. Si mjini, alipelekwa kwenye mji mdogo wa ndani kabisa, mahali pa vumbi jekundu, ambako wauguzi wenyeji hawataki kwenda. Alipokuwa anaondoka nilimwambia, "Utawaona ndege wa baba yako," akasema, "Mami, mimi naenda kufanya kazi." Hakuwapenda. Alikua akisafisha banda lile kila Jumamosi, akivuta uso. Lakini masikio alikuwa nayo. Makinda yakianguliwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, akiwa amekaa mezani na vitabu vyake: "Mami, kumeanguliwa," na hata hajainua kichwa. Ile sauti ni ndogo sana, kama mlango wa kabati usio na mafuta. Mzee alikuwa akienda mbio kuangalia na kweli anakuta.

Tangu tumzike baba yake, simu zake zilikuwa moja kwa mwezi, na hazikuwa na kitu ndani. Umekula? Nimekula. Presha? Iko sawa. Baridi? Ipo. Mungu ni mwema. Mjukuu wangu anasukumwa mbele ya simu, anasema neno moja la Kiingereza, anakimbia. Sikumlaumu. Hajawahi kunigusa, mimi kwake ni uso wa mtu aliye karibu sana na kioo. Simu ikikatika nilikuwa nabaki nimeishika.

Siku moja kwenye zile simu nikakosa la kusema, nikamwambia habari ya jike. Nilimwambia yote, hadi maneno ya jamaa wa Silibwet.

"Kwani wanataka nini hasa?" akauliza.

"Kelele."

"Kelele tu?"

"Kelele za wenzao."

Kisha akasema, "Mami, huku kuna bwawa la ng'ombe nje ya mji. Wanakuja hapo kunywa maji, hao hao, kijani. Watu wanawaita kero."

Jumapili iliyofuata simu yangu ikalia, ikawa ameniletea rekodi. Nilikwenda nayo bandani kabla sijavua nguo za kanisa. Nilikuwa nimeomba spika ndogo kwa jirani yangu, mama Mkipsigis ambaye shamba lake la chai limepakana na langu, naye akaja nyuma yangu kuona maajabu. Nikaifunga kwenye waya, nikabonyeza.

Kwanza ulikuwa upepo. Halafu wakaja. Mabawa yale yalikuwa kama mahindi makavu yakimwagwa kwenye mabati, na juu yake gumzo, gumzo, gumzo, maelfu yao wakisemezana kwa pamoja. Dume wangu akasimamisha manyoya ya kichwa. Akageuka huku, akageuka kule. Jike akatembea kwenye kijiti chote mpaka mwisho, akarudi. Halafu dume akafungua mdomo akajibu. Ndege aliyekuwa bubu tangu mvua ya mawe! Jirani yangu akapiga makofi. "Ai, Mama! Hii ndege imeskia watu ya kwao!"

Nilikuwa sijamsikia vizuri, kwa sababu rekodi ilikuwa inaelekea mwisho na kuna kitu kingine humo. Nyayo kwenye changarawe. Mlango wa gari. Mtoto anauliza jambo, na binti yangu anamwambia "shhh, Shosho anahitaji hii," kwa Kiswahili, halafu mtoto anakosea kulitamka neno Shosho, ndiyo bibi kwa Kikuyu chetu, na binti yangu anacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu kabla ya mazishi. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Jirani aliniangalia, akasema anaenda kuangalia ng'ombe wake.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi naweka rekodi, jioni naweka rekodi. Nilimwambia binti yangu kwamba ndege wanazoea, wanataka mpya kila wiki, na hilo lilikuwa kweli kwa kiasi. Jumamosi wanaenda bwawani, yeye na mtoto, na Jumapili kwangu nikitoka kanisani, kwao giza limeshaingia, wananipigia. Sasa kulikuwa na mambo ya kusema. Walikwama kwenye matope. Mwewe alipita, kundi lote likanyanyuka likazima jua. Mtoto alipata unyoya wa kijani akalala nao. Binti yangu akaniuliza siku moja, polepole, kama baba yake angependa kuliona lile bwawa, na tulizungumza habari za baba yake mpaka simu ikapata moto mkononi. Tulikuwa hatujazungumza hivyo hata mara moja.

Na mtoto akajifunza neno. Alikuwa akinyakua simu kabla mama yake hajasema kitu, uso wote kwenye kioo, na kupiga kelele: "Shosho! Ametaga?"

"Bado, mjukuu wangu," nilikuwa namjibu. "Bado."

"Bado!" anarudia, anacheka, anakwenda kumwambia mama yake kana kwamba mama yake hakusikia. Ametaga na bado. Hicho ndicho Kiswahili chake chote, na mimi nilikisubiri kila wiki kwa roho juu juu.

Pua ya jike ikaanza kukolea, kahawia nzito, ikawa na mikwaruzo. Dume akawa anamfuata, anamgonga mdomo kwa mdomo, anamlisha. Asubuhi moja nikakuta vumbi la mbao chini ya kisanduku, nikajua anatanua mlango. Nilisimama pale na kikombe changu mpaka chai ikapoa. Nilimwambia mzee kwa sauti, "Unaona?" Jirani akasikia kutoka shambani kwake akauliza nani ameona nini.

Alitaga. Alipotoka kula nilichungulia, yai jeupe dogo, halafu siku zilizofuata mengine. Nikayamulika kwa tochi ya simu, nikaona mishipa myekundu ndani. Nilitaka kupiga simu saa ile ile. Nilikuwa nimeshabonyeza jina lake. Nikakata kabla haijalia, nikajiambia mayai yanaweza kuharibika, ngoja kwanza. Jumapili mtoto akauliza, na mimi nikasema bado. Jumapili nyingine akauliza, nikasema bado.

Yakaanguliwa. Jamaa wa Silibwet alisikia kwa watu akanipigia mwenyewe, hana kinyongo yule. Alifurahi kweli. "Sasa zima hiyo spika," akasema. "Makinda yakianza kelele, banda litajisikia lenyewe. Hauhitaji tena rekodi ya mtu."

Nilimshukuru. Nikazima spika, nikairudisha kwa mwenyewe. Banda likaendelea kupiga kelele bila msaada, dume akiimba, makinda yakidai, na mimi nikikaa jikoni nikisikia, nikiwa na furaha niliyoiombea. Usifikiri sikufurahi. Lakini ilipofika Jumapili nilivua nguo za kanisa haraka, nikachukua simu, nikashuka mpaka mwisho wa shamba, katikati ya michai, mbali na banda kabisa. Mtu mzima kama mimi.

Ikalia.

"Shosho! Ametaga?"

"Bado, mjukuu wangu."

"Bado!"

Mama yake akachukua simu. Alikuwa amechoka, zamu zimekuwa ndefu, akasema gari lina shida na bwawa linakauka, ndege wanapungua. Nilisikiliza, na mvua ikaanza, ile mvua yetu ya mchana isiyobisha hodi. Matone makubwa. Nikakimbia na simu mkononi, kichwa kimefunikwa na leso, na paa la karibu zaidi lilikuwa la banda. Nikaingia chini yake nikihema.

"Mami, uko wapi? Mbona unahema?"

"Mvua tu. Nilikuwa shambani."

Ndani ya kisanduku, karibu na sikio langu, jike alikuwa analisha. Makinda yalikuwa yanapiga kelele zile zao ndogo, mlango wa kabati usio na mafuta, moja baada ya jingine. Niliweka kiganja kwenye simu. Nilikuwa nimechelewa, nikakiondoa.

Uso wa binti yangu kwenye kioo ulikuwa umeinama kidogo upande mmoja, vile alivyokuwa akiinama mezani na vitabu vyake.

"Kwa hivyo bado," akasema.

"Bado," nikasema. "Labda rekodi nyingine itasaidia."

Nilisikia mtoto nyuma yake akiuliza jambo, na yeye akimwambia angoje.

"Sawa, Mami," akasema. "Jumamosi tutaenda tena."